Ndoo Ikishapita: Mwongozo kwa Mwanamuziki Kijana Anayetaka Kuimba kwa Ajili ya Watu

Shoo ya kwanza niliyopiga kwa ajili ya jambo la watu ilikuwa ya madawati. Nilikuwa na miaka 22, napiga gitaa la solo katika bendi ya vijana huku Temeke, na shule ya msingi iliyopakana na banda letu la mazoezi ilikuwa na madarasa mawili ambayo watoto walikaa sakafuni. Tukaamua tutawanunulia madawati. Hakuna aliyetutuma. Jumamosi alasiri tukafunga spika uwanjani kwao, watu wakaja wengi kuliko tulivyotegemea, na katikati ya onyesho tukapitisha ndoo nyekundu ya plastiki, ile ya lita 10. Ilirudi imejaa noti na sarafu. Mwalimu mkuu akapanda jukwaani kutushukuru hata kabla hatujahesabu.

Usiku tulihesabu juu ya kasha la spika kwa mwanga wa simu. Shilingi 612,000. Mwenye mitambo akachukua 350,000 zake, maana tulimwahidi atalipwa zikipatikana. Mabango 60,000. Mafuta ya jenereta 48,000. Nauli na chakula cha wanamuziki tisa, 120,000. Zikabaki 34,000, ambazo hazikununua hata dawati moja. Hakuna aliyeiba. Lakini Jumatatu nilipita njia ya nyuma ili nisionane na mwalimu mkuu, na nikaendelea kupita njia hiyo kwa miezi.

Nakuandikia wewe unayeanza ili usije ukaitafuta njia ya nyuma. Wale watu hawakutia fedha ndooni kwa sababu ya gitaa langu; walitoa kwa majina ya watoto wao. Majina yale niliyaazima, na kitu cha kuazima hurudishwa kizima. Yote nitakayokueleza hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Chagua jambo lenye mlango

Vijana wengi huanza na jambo kubwa mno: umaskini, amani, mazingira. Huwezi kuuimbia umaskini ukajua kesho yake kama umefanya kazi. Tafuta jambo lenye mlango wa kuingilia: pampu ya kisima cha mtaa iliyokufa, wodi ya wazazi isiyo na magodoro ya kutosha, wasichana wanaokosa shule kila mwezi kwa kukosa taulo za kike, akiba ya damu ya hospitali ya wilaya. Jipime kwa swali hili: siku ya pili baada ya shoo, ni nani atafanya nini? Ukiweza kumtaja mtu na kazi yake, jambo umelipata. Ukibaki unasema "jamii itaelimika", endelea kutafuta.

Kisha jiulize muziki wako una kazi gani hapo, kwa sababu si kila shida inahitaji wimbo. Muziki hukusanya watu. Kwa hilo hata singeli ya mtaani inatosha, ndani ya nusu saa uwanja umejaa. Muziki hukalisha neno kichwani. Na muziki huondoa aibu, kazi ambayo hotuba na bango huishindwa. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao akasema hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Wakati ule ugonjwa ulitajwa kwa kunong'ona. Akazunguka shuleni na makanisani akiimba na kuzungumza huku mwili ukipungua mbele ya macho ya watu, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba hamjui mtu mwenye ugonjwa ule. Huku kwetu miaka ya 1990 ilipoanza, Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila waliimba wimbo "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu. Redio ya taifa haikuupiga. Watu wakaufuata ukumbini na kwenye kanda, wakaimba naye neno ambalo nyumbani lisingetamkika mbele ya shemeji.

Kabla yao alikuwepo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Wengi humjua kwa safari yake ya Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mimi namkumbuka zaidi kwa wimbo wa Kijiti, juu ya mtu aliyemuua mwanamke akatoroka, kisha kifungo kikawaangukia wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Hukumu ile ingeishia kwenye jalada la serikali ya kikoloni. Siti akaifanya ikae midomoni mwa Unguja nzima, na mpaka leo tunaijua kwa sababu yake.

Umeona kwamba katika kazi hizi za muziki sijataja fedha. Kati ya kazi zote za kijamii, kuchangisha ndiyo inayoulemea muziki kuliko nyingine, kwa sababu kuupiga kwenyewe kuna gharama. Usidhani kila shoo ya jambo jema lazima iwe ya ndoo.

Nenda kwa wenyewe

Shida ina mwenyewe. Kabla hujaandika mstari mmoja, nenda ukakae naye. Usiende na kamera. Nenda mara ya kwanza usikilize tu, nenda mara ya pili uulize: mnataka iimbwe? Mnataka isemwe namna gani? Kuna neno ambalo hamtaki kulisikia? Utashangaa. Kina mama wenye watoto wenye selimundu waliwahi kuniambia hawataki wimbo uite watoto wao "wagonjwa". Walitaka wimbo uwaite kwa majina ya michezo wanayoipenda. Wimbo nilioupanga kichwani nikautupa, na ule tulioutunga pamoja ukawa bora mara kumi.

Wakati mwingine ukishawasikiliza utaona kazi yako ni kutoa maiki na kukaa pembeni. Kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, watu wenye ualbino ambao wengine hawakuwahi kuruhusiwa kuimba hata kanisani walitunga nyimbo zao wenyewe kwa lugha zao, na mwaka 2017 zikatoka katika albamu chini ya jina Tanzania Albinism Collective. Sauti zao hazikufundishwa, na mtaalamu wa studio angeweza kuwapa nyimbo waimbe. Aliyewarekodi akaacha watunge. Ukizisikiliza unajua papo hapo kwamba hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kuziandika.

Kuhusu watoto, shika msimamo mapema. Mtoto mgonjwa au yatima asipandishwe jukwaani ili watu walie wakatoe fedha. Atakua. Picha ya siku ile itabaki kwenye simu za watu atakaposoma sekondari, atakapotafuta kazi, atakapotaka kuoa. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinakuhusu wewe unayerusha video za shoo mtandaoni. Lakini hata zisingekuwepo, mzazi aliyekuomba dawa za mtoto wake hana nguvu ya kukukatalia picha. Ruhusa inayotoka kwa mtu asiyeweza kukataa usiihesabu kuwa ruhusa.

Fedha kwanza

Tarehe 1 Agosti 1971 wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za mlangoni, takriban dola 243,000, zilifika UNICEF. Ila fedha kubwa zaidi, za albamu na filamu, zilikwama kwa miaka kwenye mabishano na mamlaka ya kodi ya Marekani, sababu ikiwa kwamba onyesho halikuandikishwa mapema kuwa la hisani. Hao walikuwa watu wenye mawakili. Wewe una daftari la mazoezi. Basi tumia daftari hilo vizuri.

Andika kwanza gharama zote, na kila gharama iwe na jina la atakayeilipa kabla ya siku ya shoo. Mitambo, jenereta na mafuta yake, ukumbi au uwanja, mabango, nauli, maji ya kunywa, walinzi, mtu wa kufagia uwanja kesho yake. Kama huna mtu wa kuzilipa, punguza shoo mpaka gharama ziishe: piga bila spika kubwa, piga mchana, piga magitaa makavu na tumba. Onyesho dogo ambalo michango yake yote inafika linapita onyesho kubwa linalojilipa lenyewe. Ukishindwa kabisa, na lazima baadhi ya michango ilipe gharama, sema wazi kwenye bango na tena jukwaani: "kinachobaki baada ya gharama". Usiandike "kiingilio chote kitakwenda" kama hakitakwenda chote.

Wanamuziki wenzako walipwe, au waseme kwa hiari yao kwamba hawataki. Kipaji chako unaweza kukitoa sadaka. Cha mpiga besi huwezi kukitoa kwa niaba yake. Ana kodi ya chumba na mtoto. Kaa naye pembeni, si mbele ya bendi nzima ambapo atashindwa kusema hapana, umwambie: nauli na chakula vipo, malipo hayapo, ukikataa bado ni ndugu yangu.

Michango isiingie kwenye simu yako. Hata kwa siku moja, hata kwa nia njema. Itafutwe lipa namba au akaunti yenye jina la shule, kituo au kamati yenyewe, na jina lile ndilo liandikwe kwenye bango ili mtu anayetuma aone linalotokea kwenye simu yake linafanana. Namba itajwe polepole, mara mbili, ngoma zikiwa zimesimama. Nimeona shoo nyingi ambapo namba ilitajwa juu ya kinanda na makelele, halafu watu wakashangaa hakuna kilichoingia. Na wakati wa kuomba ni baada ya wimbo wa tatu au wa nne, watu wakiwa wamekaa na moyo umeshafunguka. Ukingoja mwisho, wanaangalia saa na kufikiria daladala.

Kama mnatumia ndoo au kapu, watu watatu wahesabu, mmoja wao akiwa wa upande wa wenye shida, hapohapo uwanjani kabla ya mtu kuondoka. Waandike, wote watatu watie sahihi, picha ya karatasi ipigwe.

Sisi wa pwani tuna njia ya kuchangisha iliyo ya zamani kuliko ndoo. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa hunyanyuka, akatembea kwa mwendo wake mpaka kwa mwimbaji, akamtunza. Noti inatolewa mbele za watu, kwa madaha, ikizungumza na mstari ulioimbwa. Mwaka mmoja Tanga tulitandika kanga mbele ya jukwaa, tukatangaza kwamba leo mwimbaji hatunzwi, inatunzwa kanga, nayo ni ya wodi ya wazazi. Mwimbaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti nzito, akaimba akiwa amekaa kitini huku mikono ameikunja ili asipokee hata kwa bahati mbaya. Kina mama wakaja mmoja mmoja, wengine wakirudi mara tatu kwa sababu ubeti fulani umewagusa, wengine kwa sababu jirani kaenda mara mbili. Sijawahi kuona ndoo ikipata heshima ile. Angalia basi watu wako wenyewe wamezoea kutoaje: kutunza, kuchangia kikoba, harambee ya Kenya, sadaka ya kwaya. Pita njia wanayoijua.

Wafadhili nao wachague. Kampuni ya pombe haifai kwenye shoo ya ajali za barabarani. Kampuni ya kubeti haifai kwenye shoo yoyote ya vijana, na hili nalisema nikijua kwamba mara nyingi ndiyo yenye fedha za haraka. Nina wadogo zangu wawili waliomaliza ada za chuo kwenye mikeka. Siwezi kumwimbia kijana asome nikiwa nimesimama chini ya bango hilo.

Na wanasiasa, hasa mwaka wa uchaguzi. Wakija wakaribishe kama wananchi wengine, wachangie kama wengine. Maiki ni jambo jingine. Amua kabla, andika kwenye ratiba nani atazungumza na kwa dakika ngapi, mpe mshereheshaji karatasi hiyo. Mgeni akiomba "salamu fupi tu", mshereheshaji ana kitu cha kumwonyesha na hutalazimika kubishana mbele ya watu. Shoo ya kisima ikishageuka mkutano wa mtu mmoja, nusu ya mtaa haitachangia kisima tena.

Wimbo wenyewe

Wimbo wa jambo la jamii huharibika kwa mahubiri. Msikilizaji anajua kwamba maji machafu ni mabaya. Ukimwambia tena kwa sauti tamu hutakuwa umempa kitu. Mpe mtu mmoja, mahali pamoja, kitu kimoja kinachoshikika. Ndoo ya mama kwenye foleni ya saa kumi alfajiri inasema zaidi ya neno "uhaba".

Hesabu mizani. Huna haja ya kutunga shairi kamili la vina, lakini kiitikio chenye mizani nane kwa nane kinakaa kinywani kwa sababu masikio yetu yamelelewa hivyo tangu nyimbo za jando na kasida za madrasa. Nilipotakiwa wimbo wa kuhamasisha watu kuchangia damu niliandika kurasa tatu za maelezo ya hospitali. Kisha mama mmoja aliyeongezewa damu baada ya kujifungua akaniambia jambo linalomsumbua: hajui amshukuru nani. Kurasa zote tatu zikawa kiitikio hiki:

Mkono ulionipa, siujui ni wa nani.

Hapana neno la agizo pale. Agizo lilitoka kwa mshereheshaji baada ya wimbo, kwa maneno ya kawaida: lini, wapi, saa ngapi. Gawa kazi hivyo. Wimbo ufungue moyo, mtangazaji atoe anwani.

Jaribio la kiitikio ni watoto wa mtaani. Kiimbe mara mbili banda likiwa wazi. Wakipita jioni wakikiimba, kimekubali. Wasipokiimba, rudi mezani.

Siku ya damu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijaona jambo ambalo muziki na haja ya watu vinakutana vizuri kama uchangiaji damu. Halihitaji fedha ya msikilizaji. Linahitaji watu wakusanyike, wakae, wasiogope. Na hiyo ndiyo kazi yetu. Anayeokolewa mara nyingi ni mama aliyetokwa damu nyingi akijifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mwenye selimundu, aliyepata ajali ya bodaboda. Chembe nyekundu zikitunzwa kwenye baridi hazikai zaidi ya wiki tano au sita hivi, kwa hiyo damu ya leo haiwezi kuwekwa akiba ya mwakani. Shule zikifunga, wachangiaji ambao ni wanafunzi wakubwa wanatawanyika, na ndipo hospitali huhangaika. Panga shoo yako wakati wa likizo.

Anza kwa ofisi ya Damu Salama ya kanda yako au maabara ya hospitali, wiki kadhaa kabla. Wao ndio watakaoleta vitanda, mizani, vipimo na wauguzi; wewe utaleta watu, kivuli, viti na maji. Wanaokubaliwa ni wenye miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, wenye afya. Mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Viandike vigezo hivi kwenye bango ili mtu asisafiri bure. Chupa moja ni kama mililita 450, na ni vizuri watu waoneshwe mfuko wenyewe, kwa sababu kila anayeogopa anawaza ndoo.

Shoo hii hupigwa asubuhi. Wachangiaji wawe wamekula na kunywa maji, na pombe isiuzwe karibu. Muziki uwe wa chini: gitaa kavu, tumba kwa viganja, sauti mbili. Aliyelala na sindano mkononi hataki besi inayotikisa kitanda. Bendi ichangie kwanza, saa mbili asubuhi, mbele za watu, na hapa nina onyo lililotokana na tukio. Mpiga tumba wetu alichanga, akakaa dakika tano badala ya kumi na tano, akaona gari la vyombo limefika, akaenda kunyanyua spika. Akaanguka mbele ya foleni ya watu waliokuja kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa salama, akanywa juisi, akacheka mwenyewe. Lakini watu sita waliondoka kwenye foleni, niliwahesabu. Aliyechanga akae, anywe, asibebe kitu, asiitwe jukwaani kucheza.

Usitoe tiketi wala fulana ya bei kwa anayechanga. Ukifanya damu iwe nauli ya kuingilia shoo, mtu mwenye sababu ya kutochanga ataificha, na maswali ya muuguzi kabla ya sindano hutegemea ukweli. Soda na biskuti zinatosha, na wapewe wote, hata waliokataliwa.

Hao waliokataliwa ndio ninaotaka uwakumbuke kuliko wote. Mtu anaweza kurudishwa kwa shinikizo la damu, kwa wingi wa damu kuwa chini, kwa dawa anazotumia, kwa uzito, kwa mambo mengine ambayo hayamhusu mtu. Siku moja mshereheshaji tuliyempata dakika ya mwisho alimwona kijana anatoka kwenye hema mapema, akamuuliza kwenye maiki: "Mbona umerudi haraka, kaka?" Uwanja ukageuka kumtazama. Kijana akatabasamu tabasamu la mtu anayetafuta pa kupita, akaenda. Alikuwa na kilo 48, basi, lakini mtaa ulishaanza kusema yake. Kuanzia siku hiyo hema letu lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea upande wa pili, wote wanatokea kwenye meza moja ya soda, na mshereheshaji anaambiwa mapema kwamba anayetoka hemani hasemeshwi, labda aombe mwenyewe kuzungumza.

Vibali

Sehemu hii haina ladha ila inaokoa. Tanzania Bara nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri na mtendaji wa kata, polisi wajulishwe, na kama bendi haijasajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) shughulikia hilo kwanza. Zanzibar ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Ukipiga nyimbo za wengine, uliza ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar. Kenya, anza na bodi ya hakimiliki, KECOBO. Kwa kukusanya fedha za watu uliza kibali chake peke yake, na uliza kwa maandishi. Ada na taratibu hubadilika, kwa hiyo usitegemee ulivyoambiwa na bendi nyingine mwaka juzi. Weka nakala za kila karatasi kwenye begi la gitaa. Atakayezitaka atakuja wimbo ukiwa umenoga.

Kurudi

Shoo ya jambo la watu haijaisha mpaka urudi mahali uliposimama ukaomba, ukasome hesabu kwa sauti ileile. Tangaza tarehe ya kurudi siku ileile ya shoo, isizidi miezi miwili. Rudi na gitaa. Piga wimbo mmoja watu wakusanyike, kisha soma: tulipata kiasi gani, kimeenda wapi, nani kapokea, kitu kiko wapi mkakione. Kama kuna kosa, lisome pia. Kikipungua, sema kimepungua. Halafu ruhusu maswali, na usijibu kwa wimbo.

Ilinichukua miaka minne kurudi katika ile shule ya Temeke. Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini, nikamweleza yale ya 34,000, nikamwomba nafasi nyingine. Akanikubalia kwa sharti kwamba kamati ya shule ishike kila senti. Tukapiga tena, mitambo tukalipiwa na mfanyabiashara wa mbao wa mtaa huo, na fundi seremala akaleta madawati 18 kabla ya mwezi kuisha. Jumamosi ya kusoma hesabu nilisimama chini ya mwarobaini na karatasi mbili. Nilipofika kwenye mafuta ya jenereta, shilingi 36,000 zilizolipwa na mfanyabiashara huyo, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele kabisa akainua mkono.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Shule hii ina umeme. Mafuta ya nini?"

Nikamweleza kwamba siku ile umeme ulikatika kuanzia saa tisa. Akasema hakumbuki. Mtu wa nyuma akasema ni kweli, ulikatika, hata barafu kwenye friji yake iliyeyuka. Nikafungua begi la gitaa, nikatoa risiti ya kituo cha mafuta, nikampelekea. Akatafuta miwani kwenye pindo la kanga, akaivaa, akaisoma risiti yote mpaka tarehe, uwanja mzima umenyamaza. Kisha akaikunja vizuri akanirudishia.

"Haya," akasema. "Endelea kusoma."